Kurekodi video za karibu za urembo: lenzi na taa kwa ngozi nyeusi

Video ya karibu ya uso uliopambwa haionyeshi ngozi peke yake, bali huonyesha pia vitu vyote vinavyojiakisi juu ya ngozi hiyo. Ngozi nyeusi au ya maji ya kunde iliyopakwa mafuta, faundesheni na hailaita (kipodozi cha kung'arisha) ina mng'aro, na sehemu kubwa ya umbo la uso tunayoiona kwenye kioo cha simu hutokana na namna mng'aro huo unavyotandaa juu ya paji, mashavu na mdomo. Anayelielewa jambo hili huacha kuuliza taa yake ina wati ngapi, akaanza kuuliza ina upana gani na inakaa wapi. Mwongozo huu ni kwa ajili ya anayerekodi kazi za wapambaji, maharusi na vipodozi katika saluni au chumba cha kawaida, awe na kamera ya kubadilisha lenzi au simu tu. Hatua zimepangwa kwa mfuatano wa kazi yenyewe, na ni vyema zisirukwe, kwa kuwa lenzi ikichaguliwa vibaya hakuna taa itakayoirekebisha.

Hatua ya kwanza: panga umbali, ndipo uchague lenzi

Umbo la uso kwenye video huamuliwa na umbali kati ya kamera na uso. Lenzi huamua tu kiasi gani cha uso huo kitaingia kwenye fremu. Kutoka ncha ya pua hadi sikio kuna takribani sentimita 12. Kamera ikiwa sentimita 30 mbele ya pua, sikio linakuwa sentimita 42 kutoka kwenye kamera, na pua inaonekana kubwa kwa asilimia 40 ikilinganishwa na sikio. Kamera ikirudi nyuma hadi sentimita 120, tofauti hiyo inashuka na kuwa asilimia 10, ambayo macho yetu huiona kuwa ya kawaida kwa sababu ndivyo tunavyoonana tunapozungumza. Wapambaji wengi wamelaumiwa kwa kontua (vivuli vya vipodozi vinavyochonga umbo la uso) isiyokaa sawa wakati kilichoharibu sura ni simu iliyosogezwa karibu mno.

Kwa hiyo, kaa kati ya sentimita 90 na mita moja na nusu kutoka kwenye uso, kisha utafute lenzi itakayoujaza uso kwenye fremu ukiwa hapo. Kwa kamera yenye sensa (kipande kinachopokea mwanga) kubwa ya fulu fremu, lenzi hiyo ni ya milimita 85 hadi 105. Kwa sensa ya APS-C, ambayo ni ndogo zaidi, milimita 50 hadi 60 hutoa matokeo yanayokaribiana na hayo, na kwa Micro Four Thirds, yenye sensa ndogo kuliko hiyo, inatosha milimita 45. Mwenye lenzi ya zumu ya milimita 24 hadi 70 aiweke kwenye 70 na kuiacha hapo. Lenzi ya milimita 50 kwenye fulu fremu, ambayo wengi huanza nayo kwa sababu ya bei yake, ni nzuri kwa picha ya kuanzia kifuani kwenda juu, lakini ukitaka uso ujae itakulazimisha usogee hadi karibu nusu mita, na hapo pua inaanza kutangulia.

Kabla ya kununua lenzi, angalia umbali wake mfupi zaidi wa kufokasi. Lenzi nyingi za milimita 85 zenye f/1.8 (namba ya tundu la lenzi; namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa) hazifokasi kitu kilicho karibu zaidi ya takribani sentimita 80, jambo ambalo linatosha kwa uso mzima lakini halitoshi kwa jicho pekee au mdomo pekee. Kwa vipande hivyo inahitajika lenzi ya makro, iliyotengenezwa kufokasi vitu vya karibu sana, na ya milimita 90 hadi 105 ndiyo inayofaa, kwa kuwa humwachia mpambaji nafasi ya kupitisha mkono na brashi mbele ya kamera. Mirija ya kurefusha lenzi, ile isiyo na kioo ndani, ni mbadala wa bei nafuu unaofanya kazi vizuri, ingawa hupunguza mwanga na kukunyima uwezo wa kufokasi mbali hadi utakapoitoa.

Kwa anayetumia simu

Kamera kuu ya simu nyingi ina upana wa kuona unaolingana na lenzi ya milimita 24 hadi 26, na ndiyo inayotuharibia sura. Tumia kamera ya zumu ya mara mbili au tatu, urudi nyuma hadi mita moja, na uiweke simu kwenye stendi. Jambo la kuangalia ni kwamba kamera ya zumu haiwezi kufokasi karibu sana, na ukiusogelea uso mno, simu nyingi hurudi kwenye kamera kuu kimyakimya, zikaikata picha yake na kuikuza bila kukuarifu. Namna ya kupima ni rahisi: ziba kamera kuu kwa kidole, na iwapo kioo kitakuwa cheusi wakati umechagua zumu, ujue simu imeshakuhamisha. Zima kabisa chaguo la kurembesha uso. Chaguo hilo hufuta vitundu vya ngozi, na pamoja navyo hufuta kazi ya mpambaji uliyekuja kuirekodi.

Hatua ya pili: usifungue tundu la lenzi kupita kiasi

Wanaoanza hupenda f/1.8 kwa sababu nyuma kunakuwa na ukungu mzuri. Kwenye fulu fremu, kwa lenzi ya milimita 85 na umbali wa sentimita 90, f/1.8 huacha kina cha fokasi (eneo linaloonekana kali) cha sentimita moja na kidogo tu, kwa hiyo jicho likiwa kali, ncha ya pua na midomo vinakuwa na ukungu. Kwenye f/4 kina kinakaribia sentimita tatu, na kwenye f/5.6 kinakaribia nne, kiasi kinachotosha kulishika jicho, pua na mdomo wa mtu aliyeielekea kamera moja kwa moja. Anza na f/4 au f/5.6, kisha ukungu wa nyuma uutafute kwa kumsogeza mtu mita mbili mbele ya ukuta.

Kwenye makro hali ni ngumu zaidi. Ukirekodi jicho kwa ukubwa wa nusu ya uhalisi wake kwenye sensa, hata f/8 inakupa takribani milimita tatu tu, na kope za bandia peke yake ni ndefu kuliko hapo. Zaidi ya hayo, kwa ukubwa huo lenzi hupoteza zaidi ya stopu moja ya mwanga (kila stopu inayopotea hupunguza mwanga kwa nusu), na ikifika ukubwa kamili hupoteza stopu mbili, kwa hiyo taa iliyotosha kwa uso mzima haitatosha tena. Fokasi ya kujiendesha hapa huhangaika. Izime, ufokasi kwa mkono kwenye mstari wa kope, na umwombe mrembo aegemeze kichwa kwenye kiti chenye mto wa shingo.

Hatua ya tatu: ondoa mwanga usiouhitaji

Chumba kimoja cha saluni kinaweza kuwa na mwanga wa dirishani wa takribani Kelvini 5600 (kipimo cha rangi ya mwanga; namba ndogo ni unjano, kubwa ni ubuluu), taa ndefu nyeupe za dari za Kelvini 6500, na balbu za njano pembeni mwa kioo za Kelvini 3000 au chini yake. Macho yetu huusawazisha mchanganyiko huo, lakini kamera haiwezi, na matokeo yake ni shavu moja la buluu na jingine la chungwa. Zima vyote isipokuwa kimoja. Ukichagua dirisha, zima taa. Ukichagua taa, funga pazia zito.

Kuta nazo ni taa. Ukuta wa kijani wa saluni ukiwa umbali wa mita moja hurudisha ukijani kwenye shavu la upande wake, na kanga nyekundu iliyofunikwa mabegani kuzuia poda hutia wekundu chini ya kidevu. Kwenye ngozi yenye mng'aro rangi hizo huonekana waziwazi. Funika mabega kwa kitambaa cheusi au cha kijivu, na upande wenye ukuta wa rangi usimamishe shuka jeupe au jeusi kulingana na unavyotaka.

Jambo jingine la kushughulikia mapema ni kumetameta kwa taa. Umeme wa Afrika Mashariki una mawimbi 50 kwa sekunde, kwa hiyo rekodi kwa fremu 25 kwa sekunde na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/50, au fremu 50 na shata ya 1/100 kama utapunguza kasi baadaye. Simu nyingi huja zikiwa zimewekwa fremu 30, mpangilio unaotoka katika nchi za mawimbi 60 kama Marekani, na ndiyo maana milia myeusi hupita juu ya uso unaomulikwa na taa za dari. Baadhi ya taa za LED za bei ya chini humetameta zinapofifishwa, hata zikitumia betri. Ziwashe kwa nguvu zote, kisha upunguze mwanga kwa kuzisogeza au kuzifunika kitambaa.

Hatua ya nne: weka taa kuu, iwe pana na iwe karibu

Hapa ndipo penye uzito wote wa kazi. Taa ndogo yenye nguvu ikiangukia ngozi nyeusi hutengeneza doa dogo jeupe kwenye paji na pua, na sehemu nyingine zikabaki gizani. Ukiongeza nguvu, doa linaungua na giza linabaki giza. Taa pana yenye mwanga hafifu hujiakisi kama eneo kubwa la mng'aro mpole linalofuata mzunguko wa shavu, na eneo hilo ndilo linaloipa ngozi nyeusi umbo na uhai. Ngozi nyeupe hurudisha mwanga mwingi kutoka ndani yake, kwa hiyo husamehe taa mbaya. Ngozi nyeusi hutegemea zaidi mwakisiko wa juu, na mwakisiko huo huonyesha umbo la taa kama lilivyo.

Upana unaozungumzwa hapa ni wa kulinganisha na umbali. Softiboksi (kisanduku cha kitambaa cheupe kinachotandaza mwanga wa taa) ya pembe nane yenye upana wa sentimita 90 ikiwa sentimita 80 kutoka usoni ni pana. Softiboksi hiyohiyo ikiwa mita tatu mbali ni taa ndogo. Kanuni ya kuanzia ni kwamba umbali usizidi upana wa taa. Asiye na softiboksi atumie dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja, lenye pazia jepesi jeupe, au aining'inize shuka nyeupe ya pamba mbele ya taa yoyote yenye nguvu. Jua la mchana katika nchi zetu husimama karibu utosini na kuyageuza macho kuwa mashimo, kwa hiyo kwa kazi ya nje tumia kivuli cha baraza, uso ukielekea uwazi.

Weka taa mbele ya uso, juu kidogo ya kamera, ikiinama kwa nyuzi 30 hadi 45, na utazame kivuli cha pua. Kikiwa kifupi na kimelala katikati kati ya pua na mdomo, taa iko mahali pake. Kikigusa mdomo, taa iko juu mno na macho yatakosa mwanga; kikipotea kabisa, iko chini mno na mashavu yatakuwa bapa. Mpangilio huu ndio studio ya sinema ya Paramount ilioutumia kwa mwigizaji Marlene Dietrich miaka ya 1930, ingawa wao walitumia taa kali, na ukali ule leo ungeonyesha kila chembe ya poda. Kisha igeuze softiboksi kidogo ili katikati yake pamulike hewa mbele ya uso na ukingo wake ndio uuguse uso. Mwanga unakuwa mpole zaidi, na doa la paji hufifia.

Taa iliyo karibu ina gharama yake, nayo ni kwamba mwanga hubadilika upesi kwa kila msogeo. Taa ikiwa sentimita 50, mtu akirudi nyuma sentimita 10 tu hupoteza karibu theluthi moja ya mwanga wake. Mrembo anayezungumza au kucheza muziki mbele ya kamera apewe taa iliyo umbali wa sentimita 90 au zaidi, na anayepambwa akiwa ametulia anaweza kusogezewa.

Kuhusu taa za duara ambazo zimejaa kila saluni, sizikatazi. Hutoa mwanga sawa bila kivuli na ni rahisi kubeba, lakini hulibapaza umbo la uso ambalo mpambaji amelijenga kwa saa nzima, huweka pete nyeupe ndani ya kila jicho, na kwa anayevaa miwani hazifai kabisa. Kama ndiyo pekee uliyo nayo, itoe kwenye kamera, uipandishe juu na uifunike kitambaa cheupe.

Hatua ya tano: jaza kutoka chini

Chini ya kidevu, nje ya fremu, laza ubao mweupe au karatasi ya manila ukiwa umeinama kuelekea uso. Mwanga wa taa kuu hurudi juu, ukalainisha vivuli vya chini ya macho na pua na kuongeza nukta ya pili ya mwanga jichoni. Kwa ngozi nyeusi sana, ubao wa rangi ya fedha unafaa kuliko mweupe, mradi usogezwe mbali kidogo. Ubao wa dhahabu uachwe, kwa sababu huzigeuza rangi zote za vipodozi.

Mwanga wa kujaza usilingane na taa kuu. Uwe nusu yake au chini ya hapo, vinginevyo kontua inapotea. Ukihitaji kufuta alama fulani ya ngozi, taa ndogo hafifu juu tu ya lenzi hufanya kazi hiyo bila kubadilisha sura. Katika miaka ya 1940 mpiga picha za sinema Lucien Ballard alitengeneza taa ya namna hiyo ili kuficha makovu ya ajali usoni mwa mwigizaji Merle Oberon, na mafundi wa sinema huiita Obie mpaka leo.

Bi harusi aliyevaa shela jeupe ana ubao wake tayari, kwa kuwa shela hurudisha mwanga kwenye mashavu. Tatizo ni kwamba shela huungua kabla uso haujatosha. Zuia mwanga wa upande wa shela kwa kipande cha kitambaa cheusi, uuache uangukie uso.

Hatua ya sita: pima mwanga kwa uso wenyewe

Kipimo cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake ni kijivu cha kati. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera huongeza mwanga hadi ngozi iwe kama iliyopakwa majivu. Shela jeupe likijaza fremu, hupunguza hadi uso uzame. Upendeleo wa vifaa si jambo geni. Kwa miongo mingi maabara za picha zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizoitwa kadi za Shirley, na kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja miaka ya 1990. Mfumo wa kujiendesha wa simu yako umeboreshwa tangu hapo, lakini bado hubadilisha uamuzi katikati ya klipu kila mkono wa mpambaji unapopita. Tumia mipangilio ya mkono, au kwenye simu bonyeza uso kwa muda hadi mwanga na fokasi vifungwe, kisha uushushe mwanga kidogo.

Mwenye kamera yenye milia ya zebra, inayochorwa kwenye kioo juu ya sehemu zilizofikia kiwango fulani cha mwanga, aiweke kwenye asilimia 90 na kuhakikisha inagusa tu nukta za hailaita na mng'aro wa mdomo. Kwa rangi za kawaida zisizo za logi (mpangilio wa rangi zilizofifishwa ili zisahihishwe baadaye), shavu la ngozi nyeusi hukaa vizuri kati ya asilimia 35 na 50, na la maji ya kunde juu kidogo ya hapo. Ile asilimia 70 inayotajwa katika mafunzo mengi imekusudiwa ngozi nyeupe.

Hatua ya saba: rangi

Nunua taa kwa kiwango chake cha CRI, yaani kipimo cha uaminifu wake katika kuonyesha rangi, kisipungue 95, na uangalie pia namba ya R9 inayoonyesha wekundu mzito. Wekundu ndio uhai wa ngozi nyeusi na ndio rangi ambayo LED duni hukosa. Sawazisha weupe kwa kadi ya kijivu iliyoshikwa mbele ya uso, kwani karatasi ya printa ina kemikali za kung'arisha zinazorudisha ubuluu, na kamera ikijirekebisha kwayo huongeza unjano.

Hatua ya nane: vipande vya karibu zaidi

Kila kipodozi kinataka mwanga wake. Lipstiki isiyong'aa hupendeza chini ya mwanga mpana, na ile ya kung'aa huhitaji taa yenye umbo zuri, kwa maana umbo hilo litaonekana juu ya mdomo. Mstari mmoja mrefu wa mwanga unapendeza kuliko nukta tatu zilizotawanyika. Rangi ya macho yenye chembechembe haimetameti chini ya softiboksi pekee. Ongeza taa ndogo kali kutoka pembeni, hata tochi ya simu, na mrembo ageuze kichwa polepole ili chembe ziwake na kuzimika. Kigubiko cha jicho kinaporekodiwa mrembo akiangalia chini, teremsha taa kuu, vinginevyo mfupa wa nyusi utakitia kivuli. Hina na piko huhitaji mwanga wa pembeni wenye upole. Mwanga wa mbele huyafanya mafuta ya mkono yang'ae juu ya maua na kuyafifisha.

Mng'aro uliozidi upunguzwe kwanza kwa karatasi ya kunyonya mafuta, hasa kwenye joto la pwani, kwa sababu poda ikirundikwa huifanya ngozi nyeusi iwe na weupe. Kichujio cha polaraizi, kioo cha mbele ya lenzi kinachozuia sehemu ya mwanga unaoakisiwa, hupunguza mng'aro wa pembeni mwa uso, lakini hakifanyi mengi kwa mng'aro wa taa iliyo sambamba na kamera, nacho hula stopu moja na nusu hadi mbili. Usikizungushe hadi mwisho, kwa kuwa ngozi isiyo na mng'aro wowote huonekana kama haina maji. Vichujio vya ukungu vitumike kwa kiwango kidogo, kama cha moja ya nane, na kamwe visitumike kwenye makro, ambako mtazamaji amekuja kuona ukali wa mstari wa wanja. Punguza pia kipimo cha kunoa picha ndani ya kamera hadi karibu na sifuri.

Kuhusu video za kabla na baada

Weka alama za selotepu sakafuni chini ya stendi ya taa, kiti na kamera kabla mpambaji hajaanza, na uandike mipangilio yote ya kamera. Uso wa kabla uliomulikwa na balbu ya dari na uso wa baada uliomulikwa na softiboksi haulinganishi vipodozi bali unalinganisha taa, na mteja atakayelipia tofauti hiyo ataikosa siku ya kwanza atakapotoka nje. Taa, lenzi, umbali na weupe vibaki vilevile katika sehemu zote mbili, na iwapo chochote kimesogezwa katikati, rekodi kadi ya kijivu kwa sekunde chache mbele ya uso kabla ya kuendelea, ili mhariri apate pa kuanzia.